Kigingi cha Saba

Kabla ya jambo lolote siku ile, niliona vijirundo vya mchanga. Vilikuwa vitano, vimesokotwa kama tambi, karibu na kiatu changu. Niliviruka nisivikanyage, nikaendelea kubeba vigingi.

Baba alikuwa mbele, nyundo begani. Kila mwaka, Jumamosi ya mashindano ya mpira wa mikono wa ufukweni, sisi ndio tunaopanga magari. Kwetu kisiwani Rømø magari huingia hadi mchangani, kwa kuwa mchanga wenyewe ni mgumu kama barabara. Watu huvuka tuta la baharini kutoka bara, wakaegesha, wakafungua viti vyao, wakala mkate mweusi huku wakiwatazama watoto wao wakicheza. Lakini hawaegeshi popote tu. Baba hupiga vigingi kumi vyenye vitambaa vyekundu, na hakuna gari linaloruhusiwa kuvipita kuelekea baharini.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anajuaje pa kuvipiga. Alinionyesha vijirundo kama vile. "Hivi ni vya minyoo wa mchangani," alisema. "Wanaishi pale tu maji yanapofika. Ukiviona, ujue bahari hulala hapo."

Kigingi cha saba alikipiga ukingoni mwa kibonde kifupi, karibu na uwanja mkuu. Kibonde kilikuwa kikavu, unakivuka kwa hatua kumi.

"Hapa, wala si mbele zaidi," alisema. "Kibonde hiki hujaa kabla ya kwingine kote, tena hujaa kimyakimya kutoka pembeni. Utasimama hapa, Gyde. Maji yakifika hatua hamsini kutoka kigingini, niite. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Inakufaa."

Alinitania kwa sababu mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alinivisha kizibao cha njano kilichonifika magotini, akanipa redio ya upepo, kisha akapanda trekta na kwenda kuelekeza magari kwenye lango, kilomita moja kutoka pale.

Hadi saa sita mchana safu zote zilikuwa zimejaa. Ndipo lilipokuja gari la Alma, mama yake Dagny. Lilikuwa gari refu lenye mlango wa kuteleza na lifti ya kiti cha magurudumu, na Alma aliliendesha kwa mikono tu. Dagny, rafiki yangu na golikipa wa timu yetu, aliruka nje kabla halijasimama vizuri.

"Gyde! Tumekaa kwenye foleni ya tuta saa moja na nusu! Nimeshamaliza kucha zote, nilikuwa naanza za mama!"

"Safu zimejaa," nilisema. "Kuna nafasi kule nyuma, kwenye vilima vya mchanga."

"Kule? Mama atatazama nini kule, makalio ya watu?"

"Dagny, mwache mwenzio afanye kazi yake," Alma alisema kutoka dirishani. "Nitakwenda kule. Nitasikiliza kipaza sauti."

Dagny alinivuta pembeni. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Hajaniona nikidaka mpira hata mmoja tangu ile ajali. Miaka mitatu, Gyde. Kiti chake kinazama kwenye mchanga laini, unajua. Akiegesha pale ng'ambo ya kibonde anaona uwanja wote akiwa ndani ya gari. Kigingi ni kijiti tu. Nani ataona?"

Nilitazama kibonde. Nilitazama mchanga wa ng'ambo. Nikamtazama Dagny. Sijawahi kujua namna ya kumwambia mtu hapana.

Nikaking'oa kigingi cha saba, nikakipiga upya kwa kisigino hatua arobaini mbele. Alma alivuka, akaegesha, akafungua mlango wake mkubwa. "Nimepata kiti cha malkia!" alipaza sauti, akanipungia mkono.

Sikuwa nimefikiria kwamba wengine nao wangekitazama kigingi. Gari jekundu lilivuka kibonde, likafuatwa na jingine. Nilinyoosha mkono kuwazuia. Mzee mmoja alishusha kioo.

"Si tuko ndani ya kigingi, binti?"

Nikashusha mkono. Akapita. Baada ya nusu saa kulikuwa na magari manane ng'ambo ya kibonde.

Upepo uligeuka saa nane kasoro, ukaanza kuvuma kutoka magharibi. Redio ikakoroma.

"Gyde, maji yako wapi?"

Nilipima kwa macho. "Hatua themanini kutoka kigingini, Baba."

"Vizuri. Basi tuna muda wa kutosha. Acha fainali ichezwe."

Nililolisema lilikuwa kweli, lakini lilikuwa uongo. Yeye alikiona kichwani kigingi alichokipiga mwenyewe. Kutoka kigingi hicho maji yalikuwa mbali zaidi, hatua mia moja na ishirini, lakini hesabu hiyo haikusaidia kitu: alidhani hakuna gari hata moja ng'ambo ya kibonde.

Niligeuka. Katikati ya kibonde mchanga ulikuwa unang'aa. Haukuwa umelowa asubuhi. Nikaendelea kutazama, na kamstari kembamba ka maji kakajipenyeza kutoka kushoto, kimya, kama mtu anayeingia darasani kwa kuchelewa. Kakafika katikati. Kakapanuka.

Labda kataishia hapo, nilijiambia. Fainali ilikuwa imeanza. Dagny alidaka mpira wa kwanza, na nikasikia sauti ya Alma ikishangilia kutoka garini. Ningekwenda kumwambia nini? Niliingia kibondeni. Maji yakafunika vidole. Niliporudi yalifika kwenye vifundo vya miguu. Nilijaribu kukibonyeza kitufe cha redio, kidole kikakataa. Nikajaribu tena, nikatoa pumzi tu.

"Nani huyo? Gyde? Sema."

Nilitazama tairi za gari la Alma. Mchanga uliozizunguka ulikuwa umeanza kulainika, na gari lilikuwa limeinamia upande mmoja. Alma hakuliona hilo. Alikuwa anapiga makofi.

Nikakibonyeza kitufe.

"Baba, kigingi cha saba hakipo ulipokipiga. Nilikisogeza mimi."

"Kiasi gani?"

"Hatua arobaini. Ng'ambo ya kibonde. Kuna magari manane, na Alma yumo ndani ya lake. Kibonde kinajaa."

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Nilisikia trekta ikiwashwa.

"Nakuja. Nitachukua dakika kumi, na hizo ni nyingi. Kimbia uwanjani, simamisha mchezo. Nahitaji kila mwenye mikono. Umenisikia? Wewe ndiye utakayesema."

Nilikimbia. Mtangazaji, Villads, alikuwa kwenye meza yake, kipaza sauti mkononi. Nilisimama mbele yake.

"Binti, soseji zinauzwa kule!" alisema ndani ya kipaza sauti, na watu mia tatu wakacheka.

Nilikinyakua. Sijui nilipata wapi nguvu.

"Simamisheni mchezo," nilisema. Sauti yangu ilirudi kwangu kutoka pande zote, nikaogopa nusura nikiangushe. "Maji yanazunguka magari. Alma yuko kule na hawezi kutembea. Nilisogeza kigingi. Tafadhali. Tafadhali, njooni."

Hakuna aliyecheka tena. Mpira ulikuwa mikononi mwa Dagny. Aliuacha ukaanguka, akakimbia, na nyuma yake timu yetu, kisha timu pinzani, kisha wazazi, soseji zikabaki mchangani.

Maji ya kibonde yalikuwa yamefika magotini. Wasichana walikivuka wakishikana mikono. Wanne walimtoa Alma garini, wakaunganisha mikono yao chini yake na kumwinua juu ya mabega. Mmoja aliteleza, maji yakamrukia Alma kifuani, Dagny akapiga kelele. Wakamshika. Wakasonga hatua moja moja, wakihesabu kwa sauti kama wako mazoezini.

"Basi ndiyo nimekuwa kombe," Alma alisema meno yakigongana. "Msiniangushe kabla ya picha."

Lakini mikono yake ilikuwa imezing'ang'ania shingo za wale wasichana hadi vidole vimekuwa vyeupe.

Magari saba yalitoka kwa kusukumwa, watu kumi kila gari. La Alma lilikuwa zito, limezama hadi katikati ya tairi, na maji yalikuwa yanaingia mlangoni. Baba alifika na trekta, akapiga mbizi kabisa kufunga mnyororo. Ulikaza, ukateleza, ukakaza tena. Nilisali kwa maneno ambayo si sala. Kisha mchanga ukatoa mlio mkubwa kama wa kubusu, na gari likaja.

Fainali haikuisha siku ile. Ilichezwa Jumamosi iliyofuata, na Alma alikaa pembeni ya mstari, kwenye kiti chake kilichowekwa juu ya mbao ambazo Baba alizipanga kutoka kwenye maegesho hadi uwanjani. Ilimchukua nusu saa kuzipanga. Hakuna aliyewahi kufikiria kumuuliza mapema.

Lakini jioni ya siku ile ya maji, maji yalipopungua, Baba alinipa nyundo na kigingi cha saba.

"Kipige mahali pake."

Nilikipiga. Alikitikisa kuona kama kimeshika, kisha akachuchumaa mbele yangu, nguo bado zinachuruzika.

"Watu wa yale magari mengine saba hawakujui wewe wala mimi," alisema. "Walikiamini kigingi. Ukibeba kazi ambayo wengine wanaiegemea, usiibadilishe kwa kumpendeza rafiki. Rafiki akitaka jambo, njoo uniulize, tutatafuta njia pamoja. Na ukikosea, sema wakati ambapo kusema bado kunasaidia. Leo ulichelewa. Lakini ulisema, tena mbele ya watu wote wale, na ndiyo maana Alma yuko nyumbani anakunywa chai."

Tulikwenda kumwomba Alma radhi. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili. Alinishika uso kwa mikono yake yenye joto la kikombe.

"Usijitese, mwanangu," aliniambia. "Ulitaka kunisaidia. Hukujua."

Niliinamisha kichwa. Baadaye watu wote walisema vivyo hivyo: mtoto yule hakujua. Nami niliwaacha waseme. Miaka tisa sasa, kila Jumamosi ya mashindano Alma hunipungia mkono, nami humpungia, na bado sijamwambia.

Alma, nilijua. Kabla sijakipiga kile kigingi kwa kisigino niliangalia chini, na vijirundo vya mchanga vilikuwa kila mahali, vibichi, vimesokotwa kama tambi. Viwili vilikuwa mahali ambapo tairi lako lilikuja kusimama. Niliviona, na nikakuacha upite.