Programu Iliyojibu Hodi

Hodi ya kwanza iliingia kama ujumbe wa mtandaoni mchana kweupe, kutoka kwa akaunti isiyo na jina wala picha. Programu ya Firmin ikajibu palepale: "Karibu ndani, tuko wazi."

Firmin aliringa sana na programu hiyo. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, kwa maktaba ya msimbo inayosoma ujumbe wa ukurasa wa duka lao la vitenge na kuwajibu wateja, yeye amekaa zake. Na kwa kuwa umeme wa Uvira, mji wao wa kando ya ziwa, haukuwa wa kutegemewa, aliiweka kwenye seva, kompyuta ya kukodi iliyo ng'ambo, isizimike kamwe. Ujanja huo ndio uliomponza.

Dada yake Providence alipoyasoma majibu alinyong'onyea. Tangu ziwa lipande na kumeza nyumba za jirani, watu wa ufukweni hawakuitikia hodi ya wasiyemwona, wakihofia jini la ziwani linaloingia likikaribishwa.

"Weye uko unamukaribisha nani?" akanong'ona.

"Haiko miye. Ni programe."

"Basi uizime, Firmin. Ile jini iko imekaribia."

Hodi zilikuwa zimejaa kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na karibu yake. Harufu ya matope na samaki waliooza ikaingia dukani. Kisha mlango ukang'oka na bawaba zake, nyayo za maji zisizo na mwenyewe zikaja mbio sakafuni, Providence akakamatwa nywele na kuburutwa kifudifudi kuelekea ziwani, kucha zikimvunjika kwenye saruji, na Firmin aliyemng'ang'ania miguu akapigwa pigo lililomvunja mbavu. Simu yake ikalia: hodi nyingine, karibu nyingine, na jini likavuta kwa nguvu mpya. Akamwachia dada yake, akaiponda kompyuta kwa jiwe hadi ikasambaratika, lakini simu iliendelea kulia, maana programu haikuwa humo.

Ndipo akakumbuka ufunguo wa siri ambao mtandao wenye ukurasa wa duka uliipa programu yake ili iruhusiwe kujibu. Akaufuta kwenye simu kwa vidole vyenye damu. Mtandao ukaikataa programu, majibu yakakoma.

Providence aliachwa ndani ya maji, ngozi ya kichwa imechanika, anapumua. Firmin akamkumbatia akalia kama mtoto.

Tangu hapo Providence hakusema neno. Mama mchungaji Anne-Marie alimwombea kutwa nzima, akaaga, akaondoka na pikipiki.

Hodi ikapigwa dirishani, upande wa ziwa.

Firmin akamshika dada yake mkono. Ulikuwa umelowa.

"Karibu ndani," Providence akajibu palepale, "tuko wazi."