Chumba cha Kungoja

Mbuzi ndiye aliyewakutanisha.

Ilikuwa siku ya soko Isiolo, Julai ya mwaka wa themanini na tatu, na upepo ulikuwa umeushika mji wote shingoni. Mabati yalilia. Akina mama wa Kiborana walishikilia shuka zao kwa meno, na wauza miraa kutoka Meru walikimbiza majani ya migomba yaliyopeperuka. Katikati ya hayo alipita Kanana, muuguzi wa kituo cha afya, gauni lake jeupe la kazi limepigwa pasi, mkanda wa kijani kiunoni. Beberu mmoja aliyekata kamba alimpitia miguuni, pembe ikanasa kwenye pindo, gauni likachanika hadi juu ya goti.

"Sista, simama hapo hapo! Ukipiga hatua nyingine, Isiolo nzima itapata habari!"

Sauti ilitoka barazani kwa Abdisalan, mwenye duka la vitambaa. Nyuma ya cherehani alikaa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, tepu ya kupimia shingoni, shati lenye kola pana kama masikio ya punda.

"Unanicheka?" Kanana aliuliza, ameshika gauni kwa mikono miwili.

"Sikucheki. Nasikitika kwa sauti."

Alipiga goti mbele yake na sindano, akaanza kushona gauni likiwa mwilini.

"Fundi, shona gauni, wacha goti langu."

"Goti ndilo limekuja kwa sindano, Sista. Mimi naitwa Ewoi. Kesho nikipita kituoni utanipima presha? Tangu umesimama hapa imepanda."

Kanana alijizuia kucheka akashindwa. "Kesho Jumapili. Nitakuwa mtaa wa Wabera, kwa kanisa la Pasta Kaimenyi. Ameomba muuguzi wa kuangalia watu baada ya ibada."

Mkono wa Ewoi ukasimama.

"Hilo ni kanisa langu," alisema taratibu. "Mimi naongoza kwaya."

"Basi tutaonana."

"Tutaonana. Na utaona mambo."

"Mambo gani?"

Ewoi alikata uzi kwa meno, akarudi nyuma ya cherehani.

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili, nyimbo zikiisha, Kanana aliweka meza yake ukumbini, akapima presha za wazee na uzito wa watoto, akafundisha akina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Washiriki walimpenda upesi. Wengi walikuwa Waturkana wa mjini na Wameru walioteremka kutafuta kazi, watu wasiopenda kwenda kituoni, lakini kanisani waliona ni kama kwao. Ewoi naye alikuwa wa mwisho kwenye foleni kila mara, na presha yake haikuwa na neno lolote.

"Uko mzima kama ngamia," Kanana alimwambia.

"Pima tena, mpenzi. Mashine yako inanionea haya."

Kufikia Agosti walikuwa wakitembea pamoja hadi njia ya Ngaremara, Kanana amevaa kitenge alichoshonewa na Ewoi, chenye mabega yaliyojaa na kiuno kilichokaa sawasawa bila kupimwa hata mara moja.

"Ulijuaje kiuno changu?"

"Macho ya fundi hayalali, malaika wangu."

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha Kanana amani. Nyuma ya kanisa kulikuwa na chumba kidogo cha udongo ambacho Pasta alikiita Chumba cha Kungoja. Kila Ijumaa mchana waliofunga waliingia humo kumngoja Bwana. Ili upepo usiwasumbue, dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao, na nyufa zote zimezibwa kwa magunia. Katikati palikaa jiko la makaa, na juu ya makaa walitupia ubani.

Waliotoka humo walifika mezani kwake Jumapili na malalamiko yaleyale: kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, miguu haina nguvu. Hata hivyo hakuna aliyenung'unika. Walikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya mtu aliyepata barua kutoka mbali.

"Nilimwona mtoto wangu," alinong'ona Nangiro, mwanamke mjamzito aliyekuwa amezika mtoto mwaka uliopita. "Amekua, Sista. Ana meno sasa."

Mzee mmoja alikuwa amekaa na kaka yake aliyepotelea jangwani. Pasta Kaimenyi mwenyewe, mjane mpole mwenye sauti ya chini, hakusema amemwona nani, lakini kila Ijumaa alivaa suti yake ya harusi.

Tena kulikuwa na popo. Walikuwa wakining'inia kwenye dari ya chumba kile miaka yote. Asubuhi moja walikutwa sakafuni wote, mabawa yamekunjwa vizuri, wamekufa bila jeraha. Pasta akasema ni pepo wachafu waliofukuzwa. Washiriki waliimba. Kanana aliokota popo mmoja kwa kitambaa, akamtazama kwa muda mrefu.

Jumatano iliyofuata Ewoi alimfuata kituoni. Hakuwa na mzaha.

"Kanana, mama yangu anataka kukuona."

"Vizuri! Anakaa wapi?"

"Alikufa mwaka juzi."

Upepo ulisukuma mlango ukafunguka, ukajifunga.

"Anakuja Ijumaa," Ewoi aliendelea. "Anakaa kando ya jiko. Nimemwambia kuhusu wewe. Nataka kukuoa, mpenzi, lakini siwezi kuoa mtu ambaye mama hajamwona."

Kanana alimtazama mashavuni, macho, kucha. Alishasoma chuoni habari ya makaa yanayowaka mahali pasipo hewa, kwamba yana sumu isiyo na harufu, na mtu huiingiza mwilini mwenyewe kwa kuvuta pumzi. Angeweza kumwambia palepale. Lakini alitaka kwanza kuona kwa macho yake, na kweli ni kwamba aliogopa kumnyima mtu mama yake palepale mlangoni.

"Nitakuja," alisema.

Ijumaa, jua likiwa utosini, aliingia. Mlango ulifungwa nyuma yake, na mchana wote wa Isiolo ukabaki nje. Palikuwa na giza jekundu, nyuso zikionekana nusunusu. Watu hawakuomba kwa maneno, walivuma tu, wote sauti moja, kama nyuki ndani ya mzinga. Ubani ulimkaba koo. Ewoi alimshika mkono, vidole vyake vilikuwa vizito.

Kanana alianza kujipima mapigo. Akapoteza hesabu, akaanza tena, akaipoteza tena. Kichwa kilikuwa chepesi na kizito pamoja. Akajua: ni makaa. Nitoke. Alipoinua macho, kando ya jiko alikuwa ameketi bibi kizee.

Alivaa shanga hadi kidevuni na ngozi iliyopakwa mafuta. Ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imepasuka, ikining'inia vipande viwili. Hakumtazama Ewoi. Alimtazama Kanana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekimbia njia ndefu.

"Mtoe," alisema kwa Kiswahili cha taabu. "Mtoe kijana wangu hapa. Hapa tumejaa."

"Ndiyo, mama," Kanana alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kama kofi.

Alisimama akaanguka, akasimama tena. Aliparamia ukuta hadi kwenye dirisha, akang'oa gunia, akaupiga ubao kwa bega mpaka ukaachia. Mwanga ukaingia kama maji. Watu wakapiga kelele, wakajifunika macho. Kando ya jiko hapakuwa na mtu. Alikuwepo Nangiro tu, amelala ubavu, midomo imelegea, hapumui vizuri.

"Mlango! Fungueni mlango! Mtoeni nje!"

Walimburuta Nangiro mpaka kwenye upepo. Kanana alimpulizia pumzi mdomoni, akamwita jina, akampulizia tena, hadi mwanamke yule alipokohoa na kuanza kulia. Tumbo lake lilicheza chini ya mkono wa Kanana. Mtoto alikuwa hai.

Alipoinuka, Ewoi alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama alikuwa anafungua mdomo," alisema. "Siku zote hizo hajawahi kuniambia neno hata moja. Leo alikuwa anafungua mdomo, na wewe ukamfukuza."

"Ewoi, ni sumu ya makaa. Nangiro angekufa. Ninyi nyote..."

"Umemuua mama yangu mara ya pili."

Aliondoka. Kanana alitaka kumwita amwambie alichokiona. Akaziba mdomo. Angesema, kesho wote wangerudi chumbani na kuziba dirisha.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa akaeleza habari ya makaa. Pasta Kaimenyi alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akaagiza jiko litolewe na dirisha libaki wazi. Ijumaa iliyofuata waliingia, wakaomba, wakangoja. Hakuna aliyekuja. Wala Ijumaa iliyofuata. Chumba kilikuwa chumba tu, na ndani yake watu wazima walikaa wakilia kama watoto walioachwa sokoni.

Hakuna aliyemtukana muuguzi. Walimpita tu. Akina mama waliokuwa wakimletea watoto walivuka ng'ambo ya barabara. Nangiro pekee ndiye aliyekuja mezani, akakaa.

Barazani kwa Abdisalan cherehani ilifunikwa kitambaa. "Ewoi ameenda Garbatulla kushona nguo za shule," Abdisalan alimwambia Kanana kwa huruma. "Hakuaga mtu, dada yangu."

Kisha simu zikaanza. Simu ya kituo ililia, opereta akasema, "Garbatulla kwa laini," na baada ya hapo hapakuwa na sauti, ila upepo wa huko na mtu akipumua. Kanana aliijua pumzi ile.

"Ewoi, sema kitu, mpenzi."

Simu ikakatwa. Ilikuwa hivyo hadi asubuhi moja ya Septemba, aliposikia sauti yake, nyembamba, ya mtu asiyelala.

"Kanana, Nangiro ametuma salamu kwa watu wa lori. Anasema kabla hajazimia alisikia ukimjibu mtu mle chumbani. Ulisema, 'Ndiyo, mama.'"

Kanana alikaa kwenye kiti.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nilikuwa nimevuta makaa, Ewoi. Kichwa changu hakikuwa sawa."

"Sijauliza kichwa. Nimeuliza ulikuwa unaongea na nani." Kisha kwa upole uliomtisha kuliko hasira: "Si kitu. Hapa nina chumba changu. Nimeziba dirisha vizuri. Nina makaa na ubani. Leo nitamwuliza mwenyewe."

"Ewoi, hapana! Nisikilize!" Wagonjwa waliokuwa wakingoja waligeuka. Kanana hakujali. "Nilimwona! Ana shanga mpaka kidevuni. Sikio lake la kushoto limepasuka."

Upande wa pili pumzi ilisimama. "Sikuwahi kukuambia habari ya sikio."

"Alisema nikutoe. Unanisikia? Alisema, 'Mtoe kijana wangu hapa.' Ewoi? Ewoi!"

Laini ilikuwa imekatika. Opereta alijaribu mara kadhaa, akasema nyaya za huko zimeanguka kwa upepo. Kanana hakujua neno lake la mwisho lililofika ni lipi.

Alikimbia hadi Wabera akamkuta Pasta Kaimenyi akifagia. Hakumaliza kueleza. Pasta alitupa ufagio, akawasha pikapu ya kanisa. Njia ya Garbatulla ilikuwa mawe na mashimo, ngamia wakiibuka kwenye vumbi na kutoweka kama waliofikiriwa tu.

"Tangu popo walipoanguka nilishuku," Pasta alisema ghafla, macho yake barabarani. "Lakini mke wangu alikuwa anakuja, Sista. Alikuwa ananitengenezea tai. Mungu anisamehe, na Nangiro anisamehe."

Kanana alimshika mkono. Hakuwa na dawa ya hilo.

Walifika jua likianza kulala upande. Walionyeshwa nyumba ya udongo pembeni mwa mji. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa vipande vya sare za shule, na harufu ya ubani ilikuwa inatoka chini ya mlango. Kanana aliruka kabla gari halijasimama. Aliusukuma mlango, ukafunguka. Joto likampiga usoni. Makaa yalikuwa mekundu. Kando ya jiko kulikuwa na kigoda kitupu.

"Usiingie."

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Ewoi alikuwa ameketi huko, mgongo ukutani, kichwa wazi upepo ukimpiga, fulana imelowa jasho. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini macho yalimwona. Kanana alipiga magoti mavumbini, akamshika mashavu, akamfungua jicho moja kwa kidole, kisha la pili, akampima mapigo, na wakati huo wote machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Uliingia?"

"Niliingia. Alikuja." Ewoi aliinua mkono wake, kiganja chini, akakipunga taratibu. "Kila mara alikuwa ananifanyia hivi. Hivi, hivi. Nilidhani ananiita. Nikawa nasogea karibu na jiko. Leo nilipokumbuka maneno yako, nikatazama tena ule mkono." Sauti ikamkatika. "Kanana, alikuwa ananifukuza. Wakati wote ule, alikuwa ananifukuza."

Alimwegemeza kifuani akamwacha alie. Pasta alikuwa ameshatoa jiko nje, akiyafukia makaa kwa mchanga, midomo yake ikisema kitu ambacho si sala.

Walipompakia kwenye pikapu, Kanana alimfunika kwa leso yake akamlazimisha kunywa maji. Kisha Ewoi akamgeukia.

"Kama ni makaa tu, mpenzi, mbona alimjia mtu asiyemjua? Na lile sikio?"

"Sijui."

"Wewe ni muuguzi, umesoma, na hujui?"

"Mimi ni muuguzi, nimesoma, na sijui."

Ewoi alimtazama hadi kona ya mdomo wake ikapanda, kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Na baba yako kule Meru," alisema, "nikituma wazee kwake, atasemaje kwa Mturkana fundi wa nguo?"

"Atauliza kama unakula vizuri. Tazama ulivyokonda!"

"Na wewe utasemaje?"

Kanana alilaza kichwa chake begani mwake. Nyuma yao Garbatulla ilikuwa inamezwa na vumbi, na ndani ya vumbi lile alimwona mtu amesimama barabarani, mdogo, amejaa shanga, mkono umeinuliwa. Safari hii mkono haukupunga. Kanana hakumwambia Ewoi ageuke.

"Nitasema ndiyo," alijibu. "Pasta, tafadhali, kanyaga mafuta."