Jogoo Aliyesalia Kwenye Kenchi

Jumapili alfajiri, huko Mwankoko, jogoo aliwika ndani ya chumba ambacho mwenyewe hakuamka. Majirani waliita weee, wakavunja mlango uliokuwa na komeo kwa ndani. Paskali, fundi wa karakana ya jirani, alikuwa kwenye mkeka wake, amekufa bila hata mkwaruzo. Kando yake kuku na vifaranga wake, wamekufa wote. Jogoo peke yake alikaa juu ya kenchi, mzima wa afya.

Jogoo huyo alikuwa wa Bibi Stumai. Paskali alimfungia akidai anamparulia bustani, na bibi akamtamkia mbele ya watu, "Huyo jogoo atakuzika." Sasa ushahidi gani tena? Inspekta Rahabu alipofika, vijana walikuwa wameizunguka nyumba ya kikongwe, mmoja na kiberiti mkononi.

"Uchawi umemruka jogoo wake, afande!"

Rahabu akamweka askari mlangoni kwa kikongwe. Bibi yake mzaa mama alifukuzwa Misigiri kwa kelele hizi hizi, mtoto wa jirani alipofia usingizini. Chumbani mwa mtoto yule mlikuwa na jiko la mkaa, lakini jiko halikuulizwa neno.

Kwa Paskali hamkuwa na jiko. Dirisha lilizibwa matambara kwa ajili ya upepo wa Singida. Chini ya ukuta unaopakana na karakana, usawa wa mkeka, palikuwa na tundu la kutolea maji. Upepo uliingia humo ukikoroma kama mtu aliyelala, na Rahabu akatamani mtu aliyelala aamke.

Karakana ilikuwa ya Gerald, mkemia. Alipika chumvi za zinki pamoja na asidi mpaka zikawa unga mweupe.

"Una vijitundu visivyoonekana kwa macho," alieleza. "Unanyonya hewa ukaa kutoka kwenye moshi. Ukiupasha moto, unaitema."

"Hewa hiyo hupanda au hushuka?"

"Ni nzito. Hukaa chini."

"Na hili pipa la unga?"

"Tulilijaza Ijumaa kwenye bomba la moshi la kiwanda cha alizeti. Wafadhili wanakuja kesho kuliona. Halijaguswa."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi tu. Paskali alikuwa mdogo wangu, afande. Msimwache yule mchawi."

Rahabu akawasha mshumaa, akaushika kwenye mdomo wa mpira uliotoka kwenye pipa.

"Pasha moto."

"Afande, tutaharibu kazi ya wageni."

"Pasha."

Pipa likapata joto. Mshumaa ukaendelea kuwaka, wala haukutikisika.

"Umesema limejaa. Hewa ya kuuzima mshumaa imekwenda wapi?"

Jasho likamtoka Gerald. "Unga huchoka. Ukipata mvuke vijitundu vinabomoka. Hata Paskali alitaka kuwaambia wageni..." Akaumeza ulimi, lakini maji yalishamwagika.

Rahabu akaugeuza mdomo wa mpira. Kinyoya laini cha kifaranga kilikuwa kimenata ndani yake.

"Na hiki kilifuata nini kwenye karakana yenye funguo za mtu mmoja?"

Gerald akakaa chini. "Nilimwomba anyamaze. Ujana wangu wote umo kwenye unga huu." Akaligusa pipa. "Jana usiku ulifanya kazi vizuri. Haujawahi kufanya kazi vizuri vile."

Nje, Rahabu aliwaeleza watu: hewa ukaa ya pipa ilipitishwa kwa mpira kwenye tundu, ikajaa chini kama maji kwenye bonde, ikawaua waliolala sakafuni. Jogoo alilala juu yake. Hakuna uchawi uliomruka yeyote.

Vijana wakainama. Mwenye kiberiti akakitupa, akasogea mlangoni kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

Akagonga mlango polepole.

"Shikamoo, bibi. Tusamehe."

Rahabu alisubiri na jogoo kwapani. Ndani walisikia pumzi za kikongwe, karibu kabisa na mlango, kisha komeo likikazwa. Bibi yake Rahabu mzaa mama naye hakumwitikia tena mtu wa Misigiri mpaka alipozikwa. Rahabu akamweka jogoo kizingitini, na marahaba haikutoka.