Mke wa Kiwanja Namba Ishirini na Saba

Mwezi wa saba mvua hainyeshi Elisabethville, mji wa Katanga. Ardhi hukauka mpaka vumbi jekundu likaingia katikati ya meno, na mtu akisikia harufu ya udongo uliolowa anajua kuna aliyemwaga maji karibu. Kwa hiyo Donat Chileshe, alipovuta droo ya ramani asubuhi moja ya mwaka 1961, alitazama kwanza dari, kisha sakafu. Kote kulikuwa kukavu. Lakini ramani ya ukanda wa wazi ilinuka kama shamba baada ya mvua ya kwanza, na juu yake palikuwa na mstari mwembamba wa udongo mbichi, mfano wa njia ambayo mchwa hujijengea ukutani. Mstari ulianzia katikati ya kiwanja namba ishirini na saba, ukafuata barabara alizozichora yeye, kona kwa kona, ukaishia ukingoni mwa karatasi, pale alipozoea kuweka mkono.

Aliupangusa kwa leso. Hakumwambia mtu, maana wa kuambiwa alikuwa Clément, na tangu mwezi wa pili Donat alikuwa hamwambii Clément neno lisilo la lazima.

Wote wawili walikuwa watu wa ofisi ya viwanja. Donat alikuwa mchoraji wa ramani, miaka tisa kazini, mtoto wa hapohapo. Ukoo wake ulilima upande wa Kinsevere kabla Mzungu hajajua kwamba kuna shaba. Clément aliletwa na wazazi wake kutoka jimbo la Kasai angali mtoto. Mzungu wa mwisho wa ofisi ile, akifunga mizigo yake mwezi wa pili, alipaswa kumwachia mtu nafasi ya katibu wa kamati. Donat alikuwa amekwisha kununua tai. Mzungu akampa Clément, kwa ajili ya mwandiko wake na Kifaransa chake kisichokwama.

Kamati ilikaa kila Alhamisi. Aliyetaka kujenga nyumba, kufungua duka au kugeuza matumizi ya ardhi aliandika ombi. Tangazo likabandikwa ukutani siku thelathini ili mwenye pingamizi aseme. Kisha wakubwa wakapiga muhuri. Mwaka ule maombi mengi yalikuwa ya ukanda wa wazi, ile ardhi tupu ambayo Wazungu waliiacha kati ya mitaa yao na mitaa ya Waafrika. Sasa ilikatwa viwanja. Na kwa namba ishirini na saba, penye kichuguu kirefu kuliko paa, mwombaji alikuwa Clément mwenyewe: nyumba, na chumba cha mbele cha mke wake Albertine, mshonaji.

"Baba Bijou," Léonie, mke wa Donat, alimwambia jioni moja wakila, "Albertine alinionyesha namna nyumba yabo itakuwa. Madirisha tatu mbele! Na shiye, tutatoka lini mu hii chumba moya?"

Donat akasukuma sahani. Usiku ule wivu haukumpa nafasi ya kulala. Kila dirisha lilimchoma peke yake.

Siku ya ishirini na tisa ya tangazo, saa sita mchana, ofisi ilifungwa watu wakaenda kula. Donat alibaki. Alisema ana ramani ya kumaliza, lakini alichokuwa nacho mezani ni faili la Clément, akilipekua ukurasa kwa ukurasa kutafuta kosa. Halikuwa na kosa. Hapo akasikia ndani ya ukuta sauti ya kutafuna, ndogo, ya vinywa vingi visivyo na haraka. Akainua kichwa. Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza ya maombi, na mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ufunguo.

Alivaa kitenge cha rangi ya kutu. Uso wake ulikuwa mzuri, lakini Donat alipopepesa macho hakuweza kuukumbuka, ikabidi autazame upya.

"Nilikuya juu ya ile parcelle," akasema taratibu. Ndivyo watu wa pale wanavyokiita kiwanja. "Namba makumi mbili na saba. Ni yangu."

"Uko na mukanda ya kuonyesha?" Donat akauliza, akigonga karatasi za faili.

"Miye niliikala pale zamani, mbele mukanda ifike."

"Basi andika kama unakatala. Tangazo inaisha kesho."

"Sijue kuandika. Andika weye." Aliinama juu ya meza, na pumzi yake ilikuwa baridi, yenye harufu ileile ya ramani. "Niko naonaka namna unaangalia hii faili. Uko na wivu. Hata miye. Kila siku bantu banapita karibu yangu na babibi yabo, na batoto yabo, banacheka. Hakuna hata moya mwenye alisimama."

Donat alipaswa kukimbia. Lakini alisikia maneno mawili tu, "hata miye", kwamba kuna mtu mwingine asiyetaka Clément apewe, na maneno hayo yalikuwa matamu. Akachukua wembe wa kukwangulia wino, akalikwangua jina la Clément mpaka karatasi ikawa nyeupe.

"Jina?"

"Mwansa."

"Mwanamuke peke yake hapewe parcelle. Inaomba bwana yake aandikwe."

Mwanamke alimtazama tu, akangoja. Donat akayafikiria yale madirisha. Ni karatasi tu, alijiambia. Baadaye nitasema ni ndugu yangu. Akaandika: Chileshe Donat, mume. Chini yake: Mwansa, mke. Alipogeuka kuchukua kikaushia wino na kurudi, mbele ya meza palibaki nyayo mbili za matope.

Alhamisi kamati ililipitisha faili lile kabla chai haijapoa. Clément aliposoma jina, alisimama.

"Bwana Mukubwa, hapa kulikuwa jina yangu. Angalia, banakwangula."

"Ombi inapita. Ikala," akasema mwenyekiti, bwana mnene aitwaye Rigobert. Hakuna aliyemtetea Clément. Siku zile Katanga ilijiita nchi peke yake, na kuwa mtu wa Kasai mjini kulikuwa kumeanza kuwa kosa. Clément akamtazama Donat mara moja, akakaa. Mchana ule Donat alikula akashiba, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Haukupita muda vijana wenye mapanga wakaanza kupita mitaani wakiuliza watu kwao wapi. Clément na Albertine walikimbia na godoro moja hadi kwenye kambi iliyolindwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Léonie alilia siku mbili. Siku ya tatu aliacha kulia, akaanza kumnusa mume wake.

"Baba Bijou, uko na mwanamuke."

"Mwanamuke gani?"

"Mwenye kulala mu matope! Shati yako yote inanuka yeye. Nafua, narudilia kufua, bado inanuka."

Donat aliapa, Léonie akamtupia shati usoni. Kesho yake alifungua sanduku lake la nguo akapiga kelele. Vitenge vyake vyote vilikuwa vimeliwa, vimebaki nyuzi na unga mwekundu, huku suruali za Donat, zilizokunjwa chini yavyo katika sanduku hilohilo, hazikuguswa. Ukutani, katika picha ya ndoa yao, uso wa bwana harusi ulikuwa mzima na mahali pa uso wa bibi harusi palikuwa tundu.

Basi Donat akajua, na kujua hakukumsaidia, kwa sababu tangu siku ile sauti ya kutafuna haikukaa tena ukutani bali ilihamia chini ya kitanda, upande wa Léonie tu, ikaanza kila alipomwekea mumewe chakula na kuzidi kila Donat alipomjibu kwa upole, mpaka wakawa wanaongea kwa kunong'ona ndani ya chumba chao wenyewe, kisha wakaacha kuongea, na alfajiri moja Donat aliamshwa na mtoto wao Bijou akimvuta shuka, akageuka, akamwona mkewe ameketi wima, macho wazi, mdomo umejaa udongo mbichi uliotokeza kati ya midomo kama ncha ya kichuguu kinachochipuka.

Aliukomba kwa vidole. Kulipokucha akaenda kumwita Mama Mumba, mwanamke wa Kinsevere aliyejulikana kwa kufukuza majini. Mama Mumba hakuja na ngoma. Alinusa mlangoni, akanusa mikono ya Donat, akakataa kuketi.

"Hii jini haikuingia," akanong'ona. "Baliiita. Nani alimuita?"

Donat akamweleza yote, macho chini.

"Yenye kuingia yenyewe, naifukuzaka. Lakini hii uliioa, mwana. Uliiandika bibi, bakubwa bakapiga na muhuri. Sasa iko naona mwanamuke mwingine mu nyumba ya bwana yake. Weye ungefanya nini? Enda urudishe parcelle kwa mwenyewe, mbele ya bale bale bakubwa, kwa meza ile ile. Upesi. Huyu bibi yako hana siku mingi."

Alhamisi Donat alisimama mbele ya kamati, akaonyesha mahali alipokwangua, akasema jina la Clément kwa sauti. Wakubwa wakatazamana. Kisha Rigobert akacheka mpaka tumbo likatikisa meza.

"Muntu ya Kasai mwenye kukimbia haiko na parcelle mu hii inchi. Faili inafungwa. Na weye, unajishitaki juu ya nini? Enda ulale, unachoka."

Wote wakacheka. Hakuna aliyeona, isipokuwa Donat, kwamba kiti cha katibu, kilichokuwa kitupu tangu Clément akimbie, hakikuwa kitupu tena. Mwanamke mwenye kitenge cha kutu alikuwa amekikalia, mikono mapajani, kama mke aliyemfuata mumewe kazini na anangoja amalize warudi nyumbani.

Donat alikimbia. Alimkuta Léonie anapumua kwa kukoroma, mdomo umejaa tena. Akamlaza kwenye mkokoteni wa jirani, akampakia Bijou pembeni, akasukuma mpaka kambini, akipita vizuizi viwili ambapo askari wa Katanga walichungulia, wakaona lile lililokuwa mdomoni mwa mgonjwa, wakageuza nyuso na kumpungia mkono apite.

Clément alikuwa amekonda. Alikuwa akifunga magunia juu ya miti kuwa ukuta. Donat akapiga magoti katika vumbi, akasema yote, wembe, jina, jini, akamnyooshea karatasi ya kiwanja.

"Ungeniambia tu kama unaitaka," akasema Clément. "Pengine tungeikata mbili. Sasa hata ukinirudishia, bataniua mbele nipandishe ukuta. Na bila muhuri, hii ni mukanda ya kufungia karanga."

Albertine hakuitazama karatasi. "Léonie iko wapi?" akauliza.

"Mu mukokoteni."

"Basi mulete! Unangojea nini?"

Walimwingiza chini ya magunia. Albertine alimsafisha mdomo kwa maji na kidole, akimwita kwa jina, na safari hii udongo ulipotoka haukurudi. Wakangoja. Haukurudi. Clément akatazama chini, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Hii kambi haiko mu ramani yoyote," akasema. "Hakuna parcelle, hakuna namba, hakuna mwenye kuandikwa. Atapitia wapi?"

Kufika alasiri Léonie aliomba uji. Donat akakaa kando yake, akamshika mkono. Akahisi mkeka unainuka. Chini yake yeye, yeye peke yake, ardhi ilikuwa imepasuka, na udongo mbichi ulipanda kwa urefu wa kidole ukimfuata kila alipojisogeza, na ile sauti ya vinywa vingi ikaanza. Léonie akakohoa, na kitu chekundu kikamtoka puani.

Léonie alimtazama mumewe, akamtazama mtoto, akauvuta mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa Donat.

"Enda kwake, Baba Bijou," akanong'ona. "Juu mutoto abakie na mama."

"Léonie."

"Enda. Usinishike tena."

Akatoka. Alipofika nje ya kambi aligeuka mara moja. Albertine alikuwa ameinamia kikombe cha uji, na Bijou amelala mgongoni kwa Clément. Watu aliowanyima nyumba walikuwa wameipokea familia yake, na hapo Donat alihisi ule uchungu wa zamani ukimpanda kifuani, akaona aibu kwamba hata sasa alikuwa anamwonea Clément wivu.

Jua lilikuwa bado halijazama sawasawa alipofika kwenye ukanda wa wazi. Kichuguu kilikuwa kimepasuliwa mlango upande wa barabara. Ndani palikuwa pamefagiliwa, mkeka mpya umetandikwa, na mwanamke amesimama kizingitini, amejipaka mafuta. Uso wake sasa ulikumbukika, na Donat alijua hatausahau.

Akampokea koti kama mke yeyote. Kisha akaushika mkono wake wa kuume, akauinua puani, akaunusa vidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Nani alishika huu mukono?" akauliza.

"Hakuna muntu," akasema Donat.

Mwanamke akatabasamu, lakini mkono hakuuachia.

"Siku ya kwanza," akasema, "na unaanza tayari kunidanganya."

Akamvuta ndani.