Kicheko Changu Bila Mimi

"Odeta! Odeta, njoo unisikilizie kitu!"

"Koku, nina mafuta jikoni, vitumbua vitaungua."

"Viache viungue! Nimesema njoo!"

Odeta ni jirani yangu hapa Mkolani, tunapakana mlango kwa mlango. Alikuja na mwiko mkononi, amenuna. Nikaongeza sauti ya simu, nikairudisha video nyuma.

Kwenye kioo alikuwepo Ngosha. Amevaa koti la mwenyekiti wa mtaa, anagombana na mbuzi aliyekula mhuri wa ofisi. Ukumbi unacheka. Katikati ya watu wote hao kikasikika kicheko cha mwanamke mmoja. Kikapanda, kikakata, watu wakanyamaza, halafu chenyewe kikaanza upya peke yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia watu wanacheka. Ndiyo uniunguzie vitumbua?"

"Huyo wa mwisho. Sikiliza tena."

Alisikiliza mara ya pili. Mara ya tatu akauweka mwiko chini.

"We Koku! Si ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mimi."

"Kumbe ulienda? Na ulituapia hapa kwamba humtaki hata kumwona!"

"Sijakanyaga ukumbi ule tangu Ngosha aniache. Miezi minane, Odeta. Na hiki kipindi ni cha mwezi uliopita."

Odeta akashika kichwa. Vitumbua viliungua kweli, na sikumlipa.

Ngoja niwaeleze. Kuna kipindi cha vichekesho hapa Mwanza kinaitwa Cheka Papo Hapo. Kinaruka mubashara kila Jumamosi jioni, watu wakiwa ukumbini, na sehemu kumi ndiyo msimu mmoja. Kabla hawajaanza, mtangazaji hupaza sauti: "Hapa hakuna kicheko cha kukopa!" Ukumbi unaitikia, "Hakunaaa!" Mimi mchana nauza duka la vifaa vya shule pale Mirongo. Msimu ukiisha nakaa na daftari, natazama sehemu zote kumi upya, halafu naandika kwenye ukurasa wangu, Koku Kasema, kipi kilikuwa kizuri na kipi kilikuwa takataka. Watu elfu thelathini na kitu wananifuata kwa sababu simpambi mtu.

Na kutompamba mtu ndiko kulikofanya niachwe. Ngosha alikuwa mchumba wangu. Alishanipeleka Kisesa kwa shangazi yake Paskazia aliyemlea, nikasaidia kupika, nikapewa kitenge. Halafu msimu uliopita nikaandika: "Ngosha amekuwa mvivu. Anavaa gauni ili tucheke, lakini ndani ya gauni hana la kusema." Alinipigia siku hiyo hiyo.

"Mke mtarajiwa ndiye anayenivua nguo barabarani?"

"Nilikwambia kwanza nyumbani, ukaniambia sijui kazi yako."

"Basi baki na ukurasa wako, Koku. Ukupikie na ukuzalie."

Akakata. Ndiyo ikawa basi.

Sasa Jumapili hii nimetoka kanisani, mvua inanyesha, nimejikunja kitandani na daftari langu, najikuta nacheka kwenye kipindi ambacho sikuwepo. Nilizirudia sehemu zote. Nilijihesabu. Nimecheka mara ishirini na sita, na kila mara, nikikaribia kumaliza, kwa mbali sana kuna jogoo anawika.

Jogoo yule namjua. Ni wa shangazi Paskazia. Siku ile Kisesa Ngosha alikuwa anamwigiza ng'ombe anayekataa kukamuliwa, nami nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Kumbe mwenzangu alikuwa ananirekodi.

Nikapiga. Alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Koku? Ni wewe kweli?"

"Ngosha, kwa shangazi Kisesa kuna jogoo. Ukumbini kwenu yupo?"

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake.

"Ngosha, nakuuliza."

"Umefika sehemu ya ngapi?"

"Zote kumi."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Watu walipungua, Koku. Sehemu ya pili nusu ya viti vilikuwa vitupu. Bosi akasema tafuteni kicheko, la sivyo kipindi kinafungwa. Mimi nilikuwa nacho kwenye simu."

"Vicheko vimejaa mtandaoni. Kwa nini changu?"

"Kwa sababu siwezi kuigiza bila wewe. Nikikusikia kwenye spika mikono inaacha kutetemeka. Najua wewe huchekagi hovyo."

Jamani, sitawadanganya. Moyo ulilainika kama siagi juani. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Msimu huu unauandika?" akauliza.

"Nauandika."

"Na hilo utaliweka?"

"Wewe unaonaje?"

"Ukiliweka nimekwisha. Sikiliza, Koku. Wazee wangu wako tayari. Barua ya posa inakwenda kwenu Muleba Jumamosi ijayo, nilikuwa nangoja msimu uishe. Sema mimi ni mvivu, sema nimechuja, sema lolote. Hilo moja tu liache. Nikuoe, yaishe."

"Nipe muda."

"Nakupa. Lakini Koku, nakupenda. Hilo sijakopa kwa mtu."

Sasa niambieni, ningefanya nini? Nina miaka thelathini na minne. Ndani kwangu kuna sahani mbili na moja haijaguswa miezi minane. Sato nanunua nusu, na muuza samaki ameshazoea, siku hizi haniulizi. Kila Jumapili mama anapiga kutoka Muleba. Hata siku hiyo alipiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekula na nani?"

"Na wenzangu, mama. Tuko wengi hapa."

"Mbona siwasikii?"

"Wametoka kidogo."

Nikakata simu, nikaangalia chumba. Hata mimi sikuwasikia.

Nilikuwa nimeshaandika karibu yote. Nilisema sehemu ya kwanza ilikuwa ya kunyoosha viungo tu. Nilisema mchezo wa mganga anayetibu kwa simu ulipaswa kuisha dakika tatu kabla. Na sehemu ya nane nilimsifu Ngosha kwa haki yake: dakika nne amekaa mezani, anagawa samaki mmoja kwenye sahani mbili, kichwa anakiweka kwa mtu ambaye hayupo. Hakuongea neno na hakuna spika iliyocheka. Niliandika kwamba huo ndio uigizaji, na mengine yalikuwa mavazi. Kichwa cha samaki ni mimi ninayekipenda. Hilo sikuliandika.

Aya ya kicheko nikaifuta. Ndiyo, niliifuta. Nikampigia kumwambia ndiyo.

"Nimeifuta, Ngosha."

"Asante! Koku, asante mpenzi wangu, Mungu akubariki! Nimwambie mshenga wetu, mzee Luhende, aandae barua?"

"Subiri. Nina swali moja tu, la mwisho."

"Uliza hata kumi."

"Namba yangu unayo. Kila Jumamosi ulikuwa unanisikia nikikuchekea. Kwa nini hukunipigia hata siku moja?"

Angeweza kusema aliogopa. Angeweza kusema hakuwa na vocha, na mimi nilivyokuwa siku ile ningeamini. Lakini alikuwa na furaha, akajibu bila kufikiri.

"Ningekupigia ungeanza kusema. Kile kinacheka tu, Koku. Hakina neno."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilidhani atakisikia alichokisema. Hakukisikia.

"Koku? Upo?"

"Basi nenda kakipose hicho."

"Koku, sikumaanisha..."

"Kipelekee barua. Na mahari ujadiliane na jogoo."

Nikakata. Nikairudisha ile aya, nikaongeza mstari mmoja: "Kicheko mlichosikia mara ishirini na sita ni changu, kilirekodiwa Kisesa bila mimi kujua, na mwenye nacho hajacheka muda mrefu." Nikabonyeza. Nikavuta shuka nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Kituo kinachorusha kipindi hakikukaa kimya. Kesho yake kikatoa taarifa: "Madai hayo ni ya mchumba aliyeachwa, mwenye kinyongo." Weee! Watu walinishukia. "Dada nenda kaolewe." "Mhaya na kujisikia!" "Kicheko chako kina hakimiliki?" Dukani wateja walikuja kununua kalamu moja ili tu wanione, wakitoka wanasukumana mlangoni. Ukurasa ukaanza kukimbiwa. Kitu pekee nilichokuwa nacho mjini hapa ni kwamba Koku hadanganyi, na sasa nilikuwa mwongo. Ngosha hakusema lolote. Neno lake moja lingetosha, naye alikuwa kimya, kazi yake salama. Hapo ndipo nilipoujua upweke. Ule wa kwanza ulikuwa mazoezi.

Siku ya kumi Odeta alipiga mlango kwa kiganja.

"Washa data! Yuko mubashara!"

"Nani?"

"Nani mwingine! Washa!"

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana koti wala gauni, uso mkavu.

"Mimi ni Ngosha," alisema. "Koku hajadanganya. Kicheko ni chake. Nilimrekodi bila kumwambia, na nilikipeleka kwa mafundi wa sauti mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Kituo kilijua. Msimu ule mwingine aliandika kwamba sina la kusema. Nilimwacha kwa sababu ilikuwa kweli. Basi. Mkitaka kutukana, nitukaneni mimi."

Odeta alinitazama. Mimi nilitazama ukuta.

Jumatatu walivunja mkataba wake. Watu wakarudi kwenye ukurasa wangu na misamaha yao, wengine wale wale waliosema nikaolewe. Sikuwajibu. Ngosha naye hakupiga, na safari hii nilimwelewa: hakutaka nione kama anakuja kudai malipo.

Alikuja Jumapili ya pili yake, mchana.

"Hodi."

"Nani?"

"Mtu asiye na kazi."

Nikafungua. Amekonda. Mikono haina kitu, na nilishukuru, maana angekuja na zawadi ningemfukuza.

"Koku, sikuja na barua wala mzee. Nimekuja kusema nisamehe."

"Bado."

"Sawa. Niondoke?"

"Nimesema bado. Sijasema ondoka. Kaa hapo. Nina maneno ya miezi minane na yote hayachekeshi."

Akaketi. Akazima simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Sema."

Nikasema. Nilisema juu ya gauni, juu ya ile simu aliyonikatia, juu ya mama ninayemdanganya kila Jumapili, juu ya kuibiwa sauti yangu na kuachwa mimi mwenyewe kama ganda. Nilipandisha, nikalia, nikapandisha tena. Kuna mahali alifungua mdomo ajitetee, akaufunga mwenyewe. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

Nilipomaliza koo lilikuwa limekauka. Alinyanyuka akanichotea maji mtungini, akarudi akakaa pale pale.

"Kuna lingine?" akauliza.

"Lipo."

"Sema, Koku. Nasikiliza."