Neno la Kufungulia Maji

Enzi za Mdachi, Eliasi alishika lango la maji katika kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja, kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu kidogo ya Makumira. Kila asubuhi alikunywa uji wa mkewe Eunike, akakatiza migomba, akaufuata mfereji hadi kazini.

Kazi yake haikuwa na mambo mengi. Alikuwa na mti mmoja mrefu. Akiuchomeka chini ya ubao wa lango na kuinua, maji yalishuka, gurudumu likazunguka, msumeno ukapasua magogo. Akishusha ubao, vyote vilisimama. Msumeno wenyewe ulikuwa chini bondeni, ndani ya banda. Eliasi hakuuona. Aliusikia tu.

Unga wa mbao ulipojaa chini ya msumeno, lango lilifungwa, na mtu akaingia shimoni kuuzoa. Akishatoka, aliita, "Haya!" Hapo Eliasi alifungua maji.

Siku moja mzoaji wa unga huo, Mwarusha aitwaye Sakaya, alikatwa vidole viwili shimoni humo. Nyapara Solomoni alisema Sakaya ni mzembe, ameita haya kabla hajatoka. Watu wakakubali. Eliasi naye alikubali, maana kukubali kulimpa usingizi.

Nafasi ya Sakaya ikachukuliwa na Mwarusha mwenzake, Meitamei. Huyu alikuwa mume wa Hanna, dada yake Eliasi.

Jumatatu moja, mwezi uliofuata, Meitamei aliingia shimoni. Eliasi alisubiri langoni, na maji yananguruma mferejini. Akasikia sauti ya shemeji yake: "Haya!" Akainua mti.

Kilichofuata hakikuwa sauti ya gogo. Ulikuwa ukelele wa mtu.

Eliasi alishusha ubao, akateremka mbio. Njiani alikuwa ameshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Hanna. Alimkuta Meitamei amelala kifudifudi shimoni, shuka imechanika vipande viwili, bega linatoka damu. Lakini alikuwa hai.

"Umeita mwenyewe," Solomoni alifoka.

"Sikuita," alisema Meitamei.

Jioni Eunike alimwosha shemeji yake kidonda. Eliasi alimwita jirani yao, mzee Gidion, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli ya Moshi.

"Shikamoo mzee. Mimi kesho siendi. Naiogopa hii mikono yangu."

"Marahaba. Usipokwenda, lango atashika mwingine, na shemeji yako atakuwa shimoni vile vile." Gidion akamgeukia Meitamei. "Kabla maji hayajafunguliwa, nyapara alikuambia nini?"

"Aliniambia nifanye upesi."

"Nawe ukamjibu?"

"Nikamjibu aiya."

Eunike aliacha kuosha. Kwa Kiarusha, aiya ni sawa, nimesikia. Kwa sikio la Mmeru kama Eliasi, aliyesimama mbali, kando ya maji yanayonguruma, aiya ilikuwa haya.

Eliasi aliitazama mikono yake. "Kumbe ni mimi," alisema.

"Ni utaratibu mbovu," alisema Gidion. "Uhai wa mtu hauwekwi kwenye neno moja linalopita juu ya maji. Kule relini nilimwona fundi mmoja. Kila alipotaka kutia mkono kwenye mashine, alichomoa kwanza wenzo wa kuiwashia, akakaa nao. Miti yako ya lango ni mingapi?"

"Mmoja."

"Basi anayeingia shimoni aingie nao. Akitoka, aulete mwenyewe mpaka mkononi mwako. Usifungue kwa sauti ya mtu yeyote. Nawe Meitamei, shuka ikaze kiunoni, isipepee karibu na msumeno."

"Na nyapara akinitandika kiboko?" Eliasi aliuliza.

"Anaweza," alisema Gidion. Hakutaka kumdanganya.

Siku tatu baadaye Meitamei alirudi kazini. Unga ulipojaa, Eliasi alifunga lango, akateremka, akampa shemeji yake mti. Kisha akapanda tena na kusimama langoni mikono mitupu.

"Haya! Fungua!" Hiyo ilikuwa sauti ya Solomoni.

Eliasi hakusogea. Sauti ikaja tena, kisha Solomoni mwenyewe akapanda mteremko, kiboko mkononi.

"Wewe husikii?"

"Nasikia, bwana. Mti sina. Anao Meitamei, shimoni."

"Ameshatoka. Nimemwona kwa macho yangu akitoka." Aliinua kiboko.

Wakati huohuo Meitamei alitokea mlangoni mwa banda. Mti ulikuwa kwenye bega lisilo na kidonda, sepetu mkononi, na unga wa mbao umemjaa kichwani. Alipanda hadi kwao, akamkabidhi Eliasi mti.

"Nilitoka, nikakumbuka sepetu," alisema. "Nikarudi shimoni kuichukua."

Solomoni alitazama ule mti, akatazama banda. Kiboko kikashuka polepole. Hakuomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kuamuru lolote, aliuliza kwanza mti uko kwa nani. Na shimo lile halikumjeruhi mtu tena.

Mavuno ya kahawa yalipokwisha, Sakaya alipita kiwandani kuwasalimu wenzake. Aliketi kando ya lango, akamwona Meitamei akiingia na mti na kuja kuurudisha. Eliasi aliogopa kuuliza, lakini akauliza.

"Sakaya, siku ile uliyokatwa, ulisemaje?"

Sakaya aliutazama mkono wake wenye vidole vitatu.

"Nilisema aiya," alijibu. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."