Pipa Tupu

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, hakumwonea wivu mwanamke yeyote aliye hai. Alimwonea marehemu, mke wa kwanza wa mumewe. Basi siku mume alipompeleka kuonja mvinyo kwenye shamba la mizabibu alikozoea kwenda na marehemu, alivaa gauni lake zuri kuliko yote, kama anayekwenda kushindana.

Mzee wa ghala la mvinyo alimwona akitetemeka kwa baridi kule chini ya ardhi kwenye mapipa, akamvika koti lake mwenyewe.

"Shemeji, huku jua halijui njia," alimtania.

Kisha akawaonyesha kazi yake. Aligonga pipa moja baada ya jingine: lililojaa lilitoa sauti nzito, tupu likalia kama ngoma.

"Hili la mwisho ni tupu. Lina ufa, hatulijazi tena."

Mara taa ikazimika.

"Msisogee, nakwenda kuwasha," mzee alisema, na hatua zake zikapanda ngazi.

Gizani, mkono wa mume ukauachia wa mkewe. Kisha ikasikika hodi ambayo mke aliijua: kugonga mara mbili, halafu ukucha ukikwaruza mbao za pipa. Ndivyo mume alivyobisha nyumbani kila jioni, naye mke alimjibu kwa kukwaruza mlango kwa ndani kabla ya kufungua. Mume ndiye aliyemfundisha, akamwambia ni siri yao wawili.

"Mume wangu, acha utani," alinong'ona.

Mume alisikika akihema taratibu, kama mtu anayesubiri mlangoni.

Na ndani ya pipa tupu, ukucha ukakwaruza.